Kwa nini mtoto aliyependa kusoma anaacha kusoma

Dada yangu alinipigia simu Jumamosi asubuhi, saa ya kufua. "Kuja usemeshe mutoto wako," akaniambia. "Mbele alikuwa anasomaka hata mufuko ya sukari. Sasa kitabu hagusi tena. Telefone njo inamuharibu."

Mtoto mwenyewe ni binti yake wa kwanza. Yuko mwaka wa nane, wanakaa Katuba, hapa Lubumbashi. Mimi ni mjomba wake, tena ni mwalimu wa Kifaransa katika sekondari, kwa hiyo ilitazamiwa nifike, nikae kwenye kiti cha wageni, nitoe hotuba. Nilifika. Lakini kabla ya kusema lolote nilimwomba alete kaye zake zote, yaani daftari za shule.

Alileta kaye 11. Mwandiko mzuri, mistari imenyooka, vichwa vya masomo kwa biki nyekundu, chini yake mstari wa rula. Nilifungua ya jiografia, ya biolojia, ya historia, ya Kifaransa. Kisha nikamwuliza: "Humu mote, nionyeshe sentensi moja uliyoitunga wewe mwenyewe." Akafungua moja, akaifunga, akafungua nyingine. Alitafuta kweli, kwa adabu, kama anayetafuta funguo ya mgeni. Halafu akanitazama: "Mujomba, hakuna."

Tangu siku ile nimekuwa nikijaribu kuwaeleza wazazi jambo ambalo mimi mwenyewe nilichelewa kuliona. Mtoto huyu hajaacha kusoma. Anasoma na kuandika kila siku ya Mungu, mpaka kidole cha kati kimeota sugu. Ila ile kazi tunayoiita kusoma imebadilishwa mikononi mwake mara tatu au nne, na hakuna mtu aliyemwambia kwamba imebadilika.

Lugha yetu yenyewe inatuficha jambo hilo. Kwetu mtu akiulizwa "Uko nasoma wapi?" anataja jina la shule. Kusoma ni kupitisha macho juu ya maandishi, ni kuhudhuria darasa, ni kujitayarisha kwa mtihani, ni kuwa msomi. Neno moja linabeba yote. Mzazi akisema "mtoto hasomi tena," anaweza kuwa anazungumzia kitu kimoja na mtoto akasikia kingine, na ugomvi wa nyumbani unaanzia hapo.

Tuanze mwanzo, kwenye furaha.

Kiswahili kimeandikwa kwa namna inayomhurumia mtoto. Kina irabu tano, na kila irabu ina sauti yake ambayo haibadiliki popote inapokaa. Karibu kila silabi inaishia kwa irabu. Mtoto akishajua ba, be, bi, bo, bu, na ma, me, mi, mo, mu, anashika mtambo mzima: akiona neno ambalo hajawahi kuliona, analipiga silabi kwa silabi, na neno linatoka. Kama analijua kwa sikio, linacheka naye papo hapo. Mpwa wangu alipofika hapo alikuwa hatulii. Alisoma mifuko ya unga inayotoka Zambia, akayatamka maneno ya Kiingereza kwa sauti za Kiswahili. Alisoma ubavuni mwa mabasi. Alisoma ule ukuta wa jirani ulioandikwa kwa rangi kwamba nyumba haiuzwi, "maison à ne pas vendre", akatamka kila herufi kwa uaminifu, hata zile ambazo Mfaransa hazitamki kamwe. Watu wakacheka, naye akacheka pamoja nao. Wakati ule kusoma ilikuwa kuyafanya maandishi yaseme, na yeye alikuwa ameipata siri.

Lakini hata kwenye Kiswahili kuna kokoto moja ambalo watu wengi hawalioni. Vitabu vya shule vimeandikwa kwa Kiswahili bora, na mtoto wa Katuba au Kamalondo hazungumzi Kiswahili bora. Yeye anasema "batoto beko nacheza", kitabu kinasema "watoto wanacheza". Yeye anasema "bitabu", kitabu kinasema "vitabu". Anakuta "dhahabu" na "ghali", na hizo sauti hazimo kinywani mwake, kwao ni "zahabu" na "gali". Tofauti hizi si makosa. Zina historia. Mji huu ulianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba. Union Minière, kampuni iliyoundwa 1906, ilileta wafanyakazi kutoka Kasai, kutoka Maniema, kutoka Rwanda na Burundi za wakati ule, kutoka ng'ambo ya mpaka kwenye Zambia ya leo. Katika kambi za wafanyakazi watu wa lugha nyingi waliishi mlango kwa mlango, na Kiswahili kikawa lugha ya kazi, kisha ya soko, kisha ya kunyonyeshea watoto. Kilipoingia nyumbani kilijijenga upya kwa mawe ya lugha zilizokuwapo. Sasa mtu akisema "tuwafundishe watoto kwa lugha ya mama," lazima tujue kwamba hata hapo mtoto wa Lubumbashi anavuka hatua ndogo kutoka lugha yake ya uani hadi lugha ya kitabu. Hatua hiyo anaivuka bila kuumia mwalimu akimwambia wazi: kuna vile tunasema, na kuna vile kitabu kinaandika, na vyote viwili ni vyako. Anaumia akiambiwa kwamba anachosema mama yake ni kibovu.

Hatua kubwa ni ile ya Kifaransa.

Katiba ya Kongo ya 2006 inasema Kifaransa ndicho lugha rasmi, na Kiswahili, Kilingala, Kikongo na Tshiluba ni lugha za taifa. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inaruhusu lugha za taifa na lugha za mazingira zitumike kufundishia. Kwa karatasi, basi, mtoto anaanza na anachokijua na Kifaransa kinaingia polepole. Mjini mambo ni tofauti. Shule nyingi, hasa za binafsi, zinaanza na Kifaransa tangu shule ya watoto wadogo, kwa sababu wazazi ndivyo wanavyotaka, na sitawalaumu. Mzazi ameona kwamba mtihani ni wa Kifaransa, ofisi ni ya Kifaransa, barua ya kuomba kazi ni ya Kifaransa. Anataka mtoto wake aanze mbio mapema. Shida ni kwamba kuanza mapema na kuelewa mapema ni vitu viwili.

Watafiti wawili, Philip Gough na William Tunmer, waliandika jambo mwaka 1986 ambalo naliona ndilo ufunguo wa kuelewa watoto wetu. Walisema kuelewa maandishi ni matokeo ya vitu viwili: kuweza kuyageuza maandishi kuwa maneno, na kuielewa lugha yenyewe mtu akiisikia. Na vitu hivi havijumlishwi, vinazidishwa. Hapo ndipo penye uzito. Katika kujumlisha, 10 na 0 ni 10, mtoto anabaki na kitu. Katika kuzidisha, 10 mara 0 ni 0. Mtoto anayeweza kuitamka kila herufi ya ukurasa lakini haijui lugha, amesoma na hakuelewa chochote. Mimi nimeona watoto kama hao kila mwaka. Wanasoma kwa sauti ya kupendeza, mkaguzi akipita anatikisa kichwa kwa kuridhika, halafu ukiuliza "huyu mtu kwenye hadithi amekwenda wapi?" darasa linakuwa kimya kama kanisa usiku.

Na Kifaransa kinagusa pande zote mbili za hesabu hiyo kwa pamoja. Upande wa lugha, mtoto anaisikia saa chache darasani na hakuna anayeizungumza naye nyumbani. Upande wa maandishi, ile siri aliyoipata kwenye Kiswahili inavunjika. Sauti "o" anaikuta imeandikwa o, ô, au, eau. Neno la maji, "eau", lina herufi tatu na hakuna hata moja inayosikika kwa sauti aliyofundishwa. "Il parle" na "ils parlent" vinasikika sawasawa kabisa, ila cha pili kimebeba herufi ambazo hazisemi kitu, na ukizisahau unakatwa alama. Mtoto aliyezoea kwamba maandishi hayasemi uongo, anaona sasa yanamdanganya. Baadhi wanalia. Walio wengi wananyamaza tu, na mwalimu mwenye watoto 70 hana njia ya kusikia ukimya wa mmoja.

Umri nao unaongeza mzigo. Jeanne Chall, aliyefundisha chuo kikuu cha Harvard, alieleza mwaka 1983 kwamba kusoma kuna ngazi. Kwanza mtoto anajifunza kusoma. Kisha, karibu na miaka tisa au kumi, mambo yanageuka: anasoma ili ajifunze vitu vingine. Hadithi za sungura na fisi zinaisha, yanakuja maandishi ya mzunguko wa damu, ya mipaka ya mikoa, ya maji kugeuka mvuke. Maneno ni mapya, sentensi ni ndefu, na kitabu hakimsubiri. Chall alionyesha kwamba hata watoto wanaosoma kwa lugha yao wenyewe hujikwaa hapo, hasa wale wa familia maskini. Sasa fikiria mtoto wetu. Umri uleule ambapo maandishi yanakuwa magumu ndio umri ambapo lugha nayo inabadilika na kuwa Kifaransa peke yake. Anapanda vipandio viwili kwa hatua moja. Dada yangu alipohesabu nyuma, akakumbuka kwamba binti yake aliacha kusoma mifuko na kuta katikati ya mwaka wa nne. Simu alikuwa hajaipata bado. Simu ilikuja miaka mitatu baadaye.

Nilisema mwaka wa nne. Ndio mwaka pia ambapo ubao unachukua nafasi ya kila kitu, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo uandishi unapokufa bila mtu kuugua.

Katika shule zetu nyingi kitabu ni kimoja, na ni cha mwalimu. Basi mwalimu anaandika somo ubaoni na watoto wanalinakili. Si uvivu wa mwalimu. Ni kwamba mtoto asiponakili hatakuwa na kitu cha kusoma nyumbani, kaye ndiyo kitabu chake, amekitengeneza kwa mkono wake kama watawa wa zamani. Ninaiheshimu kazi hiyo. Inafundisha mkono, inafundisha usafi, inafundisha subira. Sauti ninayoikumbuka zaidi ya utoto wangu mimi mwenyewe ni sauti ya darasa zima likinakili, chaki ikigonga mbele, na mtoto wa nyuma akipiga kelele: "Mwalimu, usipanguse, hatuyamaliza!" Lakini ukinakili saa nne kwa siku kwa miaka sita, unajifunza pia jambo ambalo hakuna aliyekusudia kukufundisha: kwamba kuandika ni kuchora maneno ya mtu mwingine bila kukosea. Sentensi salama ni ile ambayo mwalimu ameshaiandika.

Imla, ile tunayoiita dikte, inapigilia msumari. Mwalimu anasoma, mtoto anaandika, na kila kosa linapunguza alama. Sikatai faida yake, sikio linanolewa kwelikweli. Ila hesabu yake ni ya kushuka tu: unaanza na 20 na unapoteza. Mtoto mwenye akili anaielewa haraka. Maneno machache, makosa machache. Nikiwapa wanafunzi wa mwaka wa saba uhuru wa kuandika chochote kuhusu mvua, ninapata mistari mitatu: mvua inanyesha, mvua ni nzuri, ninapenda mvua. Hawa ni watoto ambao wakitoka uani wanaweza kukusimulia dakika ishirini jinsi mto ulivyoingia nyumbani kwa jirani, na nani alilibeba godoro kichwani, na mbuzi alipatikana wapi. Hadithi wanayo. Wamefundishwa kwamba karatasi si mahali pake.

Basi kwa nini walimu hawawaandikishi insha? Piga hesabu pamoja nami. Insha moja fupi, ukiisoma kwa haki na kuandika neno pembeni, inachukua dakika 5. Wanafunzi 70 ni dakika 350, karibu saa sita, kwa insha moja ya darasa moja. Mwalimu ana madarasa kadhaa. Tangu Septemba 2019, shule ya msingi ya serikali ilipofanywa bure, watoto ambao walikuwa wanabaki nyumbani wameingia darasani, na hilo ni jema, nalisema bila kusita: nina majirani ambao binti zao wanajua kusoma leo kwa sababu ya uamuzi ule. Lakini kuta za madarasa hazikusogea. Mwalimu anapokuwa hana saa sita, anatoa zoezi la kujaza nafasi, ambalo linasahihishwa kwa kuangalia tu. Insha inatoweka polepole, na hakuna siku ambayo mtu ataweza kusema ndiyo ilitoweka.

Sekondari inaongeza badiliko jingine, na hili nitalipita haraka kwa sababu kila aliyesoma Kongo analijua. Kusoma sasa ni kushika kwa kichwa. Mwanafunzi anatembea chini ya mti na kaye mkononi, midomo inacheza, anarudia fasili neno kwa neno, kwa sababu mwalimu atataka neno kwa neno. Ukimzuia katikati na kumwuliza maana, anarudi mwanzo wa sentensi, kama mtu aliyekatizwa katika sala.

Na mbele yake kuna mlima mmoja ambao njia zote zinaelekea: Mtihani wa Taifa, Exetat, ulioanzishwa mwaka 1967. Ukiupita unapata diploma, unamwagiwa pudre nyeupe kichwani na usoni, mtaa mzima unapiga vigelegele, na wenye haki ya kulia wanalia. Mimi nilimwagiwa, na sitasahau. Sasa tazama umbo la mtihani huo. Siku nne za kipindi cha kawaida ni za maswali ya kuchagua: unapewa swali, majibu yamepangwa, unatia alama kwenye moja. Hiyo ni aina yake ya kusoma, kusoma kwa kuwinda, unalisoma swali ukitafuta neno linalokutega. Wanafunzi wetu wanaumudu uwindaji huo, wanaufanyia mazoezi miaka miwili. Lakini wiki kadhaa kabla ya siku hizo nne inakuja disertasio ya Kifaransa. Hapo unapewa fikra moja, na unatakiwa uifafanue, uijadili, uishike upande, uupinge upande, ufike mahali. Mwanafunzi ambaye kwa miaka sita alinakili na kwa miaka mingine sita alishika kwa kichwa, anaambiwa sasa: wewe unaonaje?

Swali hilo hajawahi kuulizwa na karatasi.

Anafanya kinachofanywa na kila mtu aliyebanwa, anatafuta kilicho tayari. Zipo utangulizi zinazopita kutoka darasa hadi darasa, kaka anamwachia mdogo wake, zinazoanza na "tangu dunia kuwa dunia, mwanadamu..." na zinaingia juu ya mada yoyote, iwe vita, iwe ndoa, iwe maji safi. Nimesahihisha rundo la majaribio ambayo aya ya kwanza ilikuwa moja, nukta kwa nukta. Zamani nilikasirika. Siku hizi naona kwamba wanafanya kwa uaminifu kile tulichowafundisha: sentensi salama ni ile iliyokwisha kuandikwa.

Carl Bereiter na Marlene Scardamalia, watafiti wa Kanada, walieleza mwaka 1987 kwamba kuna kuandika kwa namna mbili. Kuna kumwaga unachokijua kwa jinsi kinavyokujia, hadi kinaisha. Na kuna kuandika ambako kunakubadilisha wewe unayeandika: unaweka wazo, unalisoma tena, unaona halisimami, unalihamisha, na katikati ya kuhangaika unajikuta umeelewa kitu ambacho ulipoanza hukukielewa. Namna hii ya pili haitoki kwa kuambiwa. Inatoka kwa kuandika vibaya mara nyingi mbele ya mtu anayekusoma kwa nia njema. Mwanafunzi wetu anafika chuo kikuu bila kuipitia, anakuta huko silabusi ya profesa ya kununua na kushika kwa kichwa, na mwisho wa safari anatakiwa aandike kazi ya utafiti ya kurasa 40. Vibanda vya uchapaji vilivyo karibu na vyuo vinajua kinachofuata.

Mpaka hapa nimeonekana kama mtu anayesema watoto wetu hawaandiki. Ni kinyume. Sijawahi kuona kizazi kinachoandika kama hiki. Mpwa wangu, ambaye kwenye kaye 11 hakuwa na sentensi yake, alinionyesha simu yake, kwa ruhusa yake mwenyewe, na humo mlikuwa na kurasa na kurasa. Ujumbe kwa rafiki aliyefiwa. Ugomvi mrefu kuhusu nani alisema nini kanisani. Maelezo ya jinsi ya kusuka nywele, hatua kwa hatua, yaliyo wazi kuliko maelezo ya maabara ninayoyasoma shuleni. Yote kwa Kiswahili cha Lubumbashi, na Kifaransa kimechomekwa pale kinapohitajika. Mama yake aliita hiyo kupoteza wakati. Mimi niliona mtu anayejua msomaji wake ni nani, anayechagua neno la kumfariji na neno la kumchoma, anayefuta na kuanza upya. Hayo ndiyo nisiyoyapata kwenye insha.

Na si jambo jipya katika mji huu. Mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya Elisabethville, jina la zamani la Lubumbashi, kwa ajili ya chama cha watu waliokuwa watumishi wa nyumbani wa Wazungu. Aliiandika kwa Kiswahili cha hapa, kama kinavyotoka kinywani, bila kujali kanuni za tahajia za vitabu. Johannes Fabian, mtaalamu wa utamaduni aliyefanya kazi hapa, aliichapisha tena mwaka 1990, na ili maana yake ifunguke vizuri ilibidi msemaji wa Kiswahili cha Lubumbashi aisome kwa sauti. Maneno yaliyokuwa yamegandana kwenye karatasi yaliachana yalipopita kooni. Naifikiria hiyo kila mara ninapokuta kaye ya mtoto iliyojaa makosa. Ninaisoma kwa sauti kabla ya kushika biki nyekundu, na mara nyingi nasikia kwamba mtoto amesema jambo zima, ila amelisema kwa sikio lake.

Kwa hiyo wazazi wanaponiuliza tufanye nini, siwaambii wapokonye simu. Nawaambia mtoto asome kwa sauti nyumbani, kwa Kiswahili, hata ukurasa mmoja wa Biblia au wa gazeti, na akimaliza afunge kitabu asimulie kwa maneno yake. Anaposimulia ndipo unapojua kama ile hesabu ya kuzidisha imetoa kitu au imetoa sifuri. Mzazi asiyejua Kifaransa anaweza kufanya hivyo kikamilifu, na hilo nalisisitiza, kwa sababu akina mama wengi wamejiondoa kwenye masomo ya watoto wao wakidhani hawana cha kutoa. Uelewa anaoupata mtoto kwa Kiswahili haupotei akivuka kwenda Kifaransa, anahama nao.

Darasani kwangu nimejaribu kitu kidogo. Mara moja kwa wiki, dakika 10, wanafunzi wanaandika kwa lugha waitakayo, na mimi sisahihishi. Nasoma kumi tu kila wiki, kwa zamu, na chini naandika swali moja ninalotaka kujua kweli: mbuzi alipatikana wapi? Wiki inayofuata wengine wananijibu. Siku nyingine nawaambia wachukue kile walichokiandika kwa Kiswahili wakitoe kwa Kifaransa, na hapo nasahihisha kosa la aina moja tu, niliyowatajia mapema, wiki hii ni vitenzi vya wingi, wiki ijayo kitu kingine. Miezi ya kwanza nilipata mistari mitatu ileile ya mvua. Karibu na Pasaka mmoja alijaza kurasa mbili kuhusu baba yake anavyochimba kisima, akaja kuniuliza kama inaruhusiwa kuendelea kwenye kaye nyingine.

Nikirudi kwa binti wa dada yangu, hotuba sikuitoa. Jioni ile nkambo yake alitaka kumtumia mwanawe wa Kolwezi ujumbe kuhusu paa linalovuja, kabla mvua hazijazidi. Akaagiza mjukuu aandike. Mtoto akaandika haraka, akamsomea. Nkambo akakataa: "Apana, mi sikusema vile. Ataona namulalamikia." Mtoto akafuta, akaandika tena, akasoma. Nkambo akafikiri, akasema sasa ni laini mno, ataacha mpaka mwezi ujao. Wakabishana juu ya neno moja, kama liwe "omba" au "lazima", na mtoto akalihamisha mwishoni mwa ujumbe, akasoma tena kwa sauti ya chini, akatikisa kichwa mwenyewe kabla nkambo hajasema kitu, akafuta. Umeme ulikuwa umekatika. Mara ya nne ndipo alipoutuma, simu imebaki na asilimia 9.